Waterloo ya Taya Tatu

Mama yangu mdogo anatengeneza meno bandia. Hajawahi kumng'oa mtu jino, hana kile kiti cha kulalia chenye taa, na ukimwita daktari anakusahihisha hapo hapo. Daktari ndiye anayekuchungulia mdomo. Yeye yuko mtaa wa pili, chumba cha nyuma, anapokea kalibu ya mdomo wako ndani ya mfuko wa nailoni, anamimina plasta, anapata taya yako nyeupe kama chaki, halafu anaanza kukujengea meno juu yake. Mwaka wa thelathini na moja huu. Ukimuuliza mtu meno yake katengenezewa na nani, atakutajia daktari.

"Kazi yangu ikiwa nzuri hakuna anayejua imefanyika," huwa anasema. "Ikiwa mbaya wananitafuta."

Sasa kuna mtu ataniuliza fundi wa meno na Napoleoni wapi na wapi. Tulia. Miaka minne iliyopita alienda kwa daktari kuchukua kalibu, daktari akachelewa saa mbili, na kwenye meza ya wagonjwa kulikuwa na kitabu cha historia kisicho na jalada. Akakifungua katikati. Akaangukia Waterloo.

Kama ulilala darasani, iko hivi. Mwaka 1815. Napoleoni na Wafaransa upande huu, Waingereza na wenzao upande ule, wamejibanza nyuma ya mwinuko. Usiku uliotangulia mvua imepiga, ardhi tope tupu, Napoleoni anasubiri ikauke kidogo ndipo aanze. Kule kusubiri kunawapa Waprusia, ambao ni marafiki wa Waingereza, nafasi ya kufika mchana na kumvamia ubavuni. Jioni habari yake imekwisha.

Watu wengi wanasoma hayo wanafunga kitabu. Mama Mdogo hakufunga. Alikiomba, daktari akampa, akasoma sura ile mpaka kurasa zikaanza kuachia gundi. Hakukasirika kwamba Napoleoni alishindwa. Alikasirika kwamba ilikuwa karibu. Akawa anatembea na swali moja kama mtu mwenye mfupa wa samaki kwenye koo: angeweza?

Basi akatengeneza uwanja. Mzima unaingia kwenye trei ya chai. Wafaransa ni wa pinki, kwa sababu wamefinyangwa kwa ile plastiki ya ufizi na hakuwa na rangi nyingine. Waingereza ni plasta nyeupe. Waprusia ni plasta ngumu ya bluu. Nyumba za kijiji ni magego ya plastiki yaliyogeuzwa mizizi juu, na kushoto kwa Mfaransa kuna shamba lenye ukuta wa plasta. Majani ni kijani cha geti la shule, mabaki ya kopo la mjomba wangu, kaka yake mkubwa, ambaye ni mpaka rangi wa nyumba. Na ule mwinuko wa Waingereza, mstari wote kutoka kushoto mpaka kulia, ni taya tatu za chini za wagonjwa wasio na jino hata moja, zimeunganishwa ncha kwa ncha. Askari wa plasta wanajificha ndani ya ule mviringo, pale ulimi ulipokuwa unakaa, na wewe wa upande wa pili huoni kitu ila ufizi.

Kanuni anakueleza kwa dakika tatu. Raundi tisa. Kila raundi Mfaransa anaanza, Mwingereza anajibu, ila ya tisa haina kujibu. Raundi yoyote ikiisha Mfaransa ameshika taya mbili kati ya tatu, ameshinda. Asiposhika, Mwingereza ameshinda. Mkikutana kila mmoja anarusha dadu, kubwa inashinda, sare ni ya anayelinda. Ukiwa juu ya taya au ndani ya nyumba unaongeza moja. Napoleoni ana kete moja ya Walinzi wake, wale mashujaa wa kuaminika, wanaongeza mbili. Ila wakishindwa wao, hata mara moja, jeshi zima la pinki linakimbia na mchezo umeisha hapo hapo. Raundi ya tano Waprusia wanaingia, pale penye mshale uliochorwa ukingoni mwa trei.

Mchezo mzuri, bwana. Nimeucheza, moyo unapiga. Una kasoro moja tu: Mfaransa hashindi.

Mara kumi na sita walikuwa wamecheza, Mama Mdogo akiwa Napoleoni, Mjomba akiwa Mwingereza. Mara kumi na sita Napoleoni kalala chali. Mjomba alikuwa anachora mstari wa chaki nyuma ya mlango kila akishinda, na kila akichora anasema jambo moja lile lile: "Napoleoni, chai yako inapoa."

Haya. Mwezi jana maktaba ya ng'ambo ya barabara ikabandika tangazo. Siku ya michezo ya mezani, meza nne za michezo iliyobuniwa na watu wa hapa hapa, kila meza na kadi yenye jina la aliyeubuni. Meza tatu zilishachukuliwa, imebaki moja. Fomu zinafungwa Jumamosi saa kumi na moja jioni. Na chini ya fomu kuna sharti: ambatanisha karatasi ya matokeo inayoonyesha kila upande umewahi kushinda angalau mara moja, sahihi za wachezaji wote na shahidi asiyecheza. Eti mwaka juzi mtu alileta mchezo usioshindika, watoto wakalia.

Miaka thelathini na moja ya kujenga midomo ya watu, na kadi yenye jina lake iko ng'ambo ya barabara, inangoja pinki ishinde mara moja.

"Si uandike tu ulishinda," nilimwambia. "Nani atajua?"

Aliniangalia kama nimemshauri atie meno ya mtu mmoja kwenye mdomo wa mwingine.

Jumamosi saa sita na nusu mchana wakakaa. Mara ya kumi na saba. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni na karanga zangu. Mama Mdogo akashambulia lile shamba lenye ukuta lililo mkono wake wa kushoto, kama kawaida, pinki nne zikakwama ukutani, kama kawaida, na raundi ya tano Waprusia wa bluu wakaingia pale pale kushoto, nyuma ya mgongo wa wale waliokwama, wakawatafuna. Kama kawaida. Saa nane kasoro dakika chache Mjomba akanyanyuka na chaki.

"Usiseme," Mama Mdogo akamwambia.

"Sijasema."

"Nakuona mdomo."

"Lakini si ni kweli inapoa," Mjomba akasema, akachora.

Saa nane na nusu mlango ukagongwa. Ni mteja wake wa siku nyingi, bibi mmoja aliyekuwa karani wa mahakama, mstaafu, mkoba kwapani na miwani kwenye kamba. Wateja wachache kama huyu wanakuja moja kwa moja, hawapitii tena kwa daktari. Alikuja kujaribu meno mapya ya chini. Mama Mdogo akanawa, akamkalisha karibu na dirisha, akamtia meno, akaweka kile kikaratasi cha rangi kinachoonyesha jino gani linagusa kabla ya mwenzake. Alikuwa anafanya kazi huku sura imemwanguka.

"Ng'ata upande wa kulia, mama."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kwako. Sisi kulia ni kwa mgonjwa siku zote. Taya ikiwa inanitazama, kulia kwake ni kushoto kwangu. Hata ukiniamsha usingizini ukaniambia kulia, mkono wangu utaenda kush..."

Hakumaliza. Kidole kikabaki mdomoni mwa yule bibi. Bibi akasubiri kistaarabu, halafu akampigapiga kiganjani mara mbili, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi.

"Samahani, mama. Samahani sana." Akatoa kidole, akatoa na meno, akayaweka kwenye bakuli. "Kaka. Kaka, njoo. Kaa kiti cha Wafaransa."

"Mimi ni Mwingereza."

"Kaa, nimesema."

Mjomba akakaa. Mama Mdogo akafungua kitabu kilichoachia gundi, akaweka kidole kwenye mstari. "Soma."

"Waprusia wakatokea upande wa kulia wa Wafaransa."

"Nyoosha mkono wako wa kulia."

Mjomba akanyoosha. Mkono wake ukaelekea kwenye kijiji cha magego, kile kijiji ambacho katika michezo kumi na saba hakuna askari hata mmoja aliyewahi kukikanyaga. Mshale wa Waprusia ulikuwa upande wa pili kabisa wa trei, kushoto, kwenye lile shamba lenye ukuta.

Nadhani umeshaona. Mashamba na kijiji alivinakili kutoka picha ya bonde iliyo kitabuni, kwa hiyo vilikaa sawa. Lakini ile picha haikuwa na mishale. Waprusia aliwapata kwenye maneno. Akasoma "kulia kwa Wafaransa", na mkono wa miaka thelathini na moja ukafanya unachojua: ukawachukulia Wafaransa kama mgonjwa anayemtazama, ukachora mshale kushoto. Na alichora akiwa amekaa kiti cha Wafaransa wenyewe. Miaka minne Napoleoni anapigwa kisogoni na adui ambaye alitakiwa atokee ng'ambo, kwenye kijiji kilichojengwa kabisa kwa ajili ya kumzuia. Fundi mwingine yeyote duniani, seremala, mshonaji, mpishi, asingekosea hivyo.

Mjomba aliangalia mshale, akaangalia mlango wenye mistari ya chaki.

"Zile kumi na saba hazifutwi," akasema.

"Nani kasema zifutwe?"

"Natangulia tu."

Mama Mdogo akafuta mshale kwa spiriti, akauchora upya kulia kwa penseli. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro kumi. Mchezo mmoja unakula saa moja na nusu, zaidi kama Mjomba ataomba chai. Akavuta kiti cha Wafaransa.

"Hapana," Mjomba akasema. Hajaondoka kwenye kile kiti. "Mimi ndiye Napoleoni leo."

"Kaka, usinifanyie utani saa hizi."

"Sikutanii. Ramani ilikuwa na kosa, sawa. Na wewe una kosa. Kila siku unakwenda kupiga kichwa kwenye ule ukuta kama mbuzi aliyeona majani ng'ambo. Fomu inataka pinki ishinde. Imeandikwa lazima uwe wewe?"

Haikuandikwa.

Yule bibi, ambaye hakuna aliyemkumbuka, alikuwa ameshavaa miwani na anasoma fomu. Bila meno, lakini kila neno lilisikika.

"Mnahitaji shahidi asiyecheza. Mimi nipo. Lakini hapa imeandikwa kila mchezaji amecheza kwa nia ya kushinda." Akashusha miwani. "Mwanangu, nimekaa mahakamani miaka thelathini na mitano. Ukimwachia huyu kaka yako makusudi, sitii sahihi."

Hapo ndipo ilipokuwa tamu na chungu. Mama Mdogo anataka pinki ishinde kuliko kitu chochote, na amekabidhiwa jeshi jeupe kuizuia.

Wakaanza.

Mjomba hakugusa ule ukuta. Aliacha kete mbili mbali kidogo, zikae kuuangalia tu. Tatu akazipeleka kijijini kwenye magego, zikakaa zinasubiri. Zilizobaki akazipanga katikati. Raundi ya pili akapanda taya ya kushoto, akarushwa chini. Raundi ya tatu akapanda tena, dadu sita, akaishika. Mara kumi na saba sikuwahi kuona pinki juu ya ufizi mapema hivyo. Nikaacha kutafuna karanga.

"Umelala, Mwingereza?" Mjomba akauliza.

"Rusha dadu, acha kelele."

Yule bibi alikuwa amesogeza kiti mpaka pua imekaribia trei. Akanyoosha kidole kwenye taya ya kati, upande wa ndani, penye kinundu kidogo kama punje ya mchele.

"Hii ni ya nani?"

Mama Mdogo akawa anatafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwepo.

"Kinundu hiki nakijua," bibi akasema. "Ulimi wangu unakipita kila siku."

"Mama, ile ilikuwa kalibu ya zamani, ya meno yako ya kwanza, nilitakiwa niitupe, nikaona imenyooka vizuri..."

"Kwa hiyo mnapigana juu yangu."

"Ndiyo, mama."

Bibi akafikiri. "Basi nani ananishika sasa hivi?"

"Waingereza."

"Endeleeni."

Raundi ya tano bluu wakaingia, safari hii kulia, wakakuta magego yana watu. Mama Mdogo akarusha: mbili. Akarusha tena: tatu. Kijiji kikakaa. Raundi ya sita Mjomba akachukua taya ya kulia, akawa na mbili. Mkononi kabisa. Ilibaki tu azishike mpaka mwisho wa raundi, na Mwingereza alikuwa na zamu yake ya kujibu.

Na alijibu. Yaani yule mwanamke, ambaye kadi yake iko ng'ambo ya barabara, alitoa kete mbili kutoka ndani ya mviringo wa taya, zile alizokuwa kaficha, akazipandisha kulia, akarusha sita, akaipokonya taya. Nilitaka kumfinya. Mjomba akaweka mikono kichwani.

"Wewe unataka nini hasa?" akamuuliza.

"Unafikiri mimi najua?" Alikuwa amesimama, koti jeupe limejaa vumbi la plasta, macho yanawaka. "Cheza."

Raundi ya saba hakuna kilichobadilika. Ya nane, bluu wakachukua nusu ya kijiji na wakawa wamebakiza hatua moja kufika nyuma ya pinki. Saa kumi na nusu. Raundi ya tisa. Mjomba ana taya ya kushoto, hana ya kulia, na hana wa kumpeleka ila kete moja ambayo hakuwa ameigusa mchana kutwa. Akaiinua kwa vidole viwili vyenye rangi kavu kwenye kucha, akaiweka chini ya taya ya kati.

Walinzi.

Wakishinda, taya mbili, fomu inakwenda. Wakishindwa, pinki yote inakimbia, kwaheri kadi.

Sasa sikiliza. Mama Mdogo alikuwa na kikosi kimoja cha farasi nyuma ya taya. Kikimsaidia anayelinda, kinaongeza moja. Asipokisogeza hakuna atakayemlaumu, angeweza kusema amekisahau, hata mimi nilikuwa nimekisahau. Mkono wake ulikaa juu ya zile kete za farasi muda mrefu.

Akazisogeza.

"Akishinda kwa kuachiwa," akasema polepole, kama anajielezea mwenyewe, "mimi nimetengeneza nini?"

Akarusha. Nne. Moja ya taya, moja ya farasi, sita.

Mjomba, mwenye mbili za Walinzi, anatakiwa apate tano au sita. Sare haimsaidii. Akaitikisa dadu kwenye kiganja, akaisimamisha, akaitikisa tena.

"Napoleoni," Mama Mdogo akamwambia, "chai yako inapoa."

Mjomba akacheka, na dadu ikamtoka akiwa anacheka. Ikagonga gego, ikazunguka kwenye kona moja, ikasogea mpaka kwenye kile kinundu cha bibi, ikaegemea pale, ikalala.

Tano.

Mama Mdogo akahesabu kwa sauti, kidole kimoja kimoja, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Tano, na mbili, saba. Saba kwa sita." Akaitoa kete yangu ya plasta, nasema yangu kwa sababu kufikia hapo sote tulikuwa pande zote mbili, akaiweka nje ya trei. Akapandisha Walinzi juu ya ufizi yeye mwenyewe. Mara kumi na saba alishindwa akiwa hataki. Ya kumi na nane ndiyo aliyoitaka, na aliikataa kwa nguvu zake zote, na ikaja.

Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni na chaki, akasimama, hajui achore wapi. Mistari kumi na saba yote ni ya Waingereza. Mama Mdogo akamnyang'anya chaki, akaenda upande mtupu wa mlango, akachora mstari mmoja mrefu kuliko yote.

"Sahihi," bibi akasema. "Saa kumi na dakika arobaini na nne. Mtachora baadaye."

Mjomba akasaini. Mama Mdogo akasaini. Bibi akasoma karatasi yote kuanzia juu mpaka chini, tukawa tunakufa pale, akasaini kwa mwandiko wa kikarani, na akaandika saa. Mama Mdogo akashika fomu akatoka na koti lake la vumbi, akavuka barabara huku amenyoosha mkono kusimamisha magari, na sisi nyuma yake, bibi wa mwisho.

Maktaba ilikuwa inafungwa madirisha. Dada wa mapokezi akapokea fomu, akaipitia, akageuza karatasi ya matokeo. Akachukua kadi tupu na kalamu nene.

"Nani kaubuni?"

"Mimi."

"Jina?"

Akalitaja. Akalitaja tena, taratibu, akihakikisha kila herufi inavyoandikwa. Yule dada akaipepea kadi wino ukauke.

"Na huu mchezo wa kumi na nane, Wafaransa waliposhinda, Mfaransa ulikuwa wewe?"

"Hapana," Mama Mdogo akasema. Sijawahi kumwona anacheka vile, meno yake yote nje, na ni yake mwenyewe. "Mimi nilipigwa."

"Mwanangu," bibi akamvuta koti kwa nyuma. "Meno yangu."